Tchomia: ngumi zinazohesabiwa kwa sauti

Ta-ta-ta ya mfuko mdogo wa ngumi si mlio mwepesi hapa Tchomia, kando ya ziwa Albert. Katika jamaa zilizokimbia vita, mama akiusikia huwaita watoto ndani. Ndiyo maana kijana anayejizoeza boksi nyumbani huanza kwa kuwajulisha majirani, na hupiga mchana tu.

Kisha ufundi. Ubao ufungwe imara, usitikisike. Mfuko uning'inie, tumbo lake lilingane na kidevu. Viwiko viwe juu, ngumi zizunguke kwa duara dogo. Baada ya kila ngumi, mfuko hugonga ubao mara 3: nyuma, mbele, nyuma, ndipo ngumi nyingine iingie. Anayeanza atumie mkono mmoja, polepole, akihesabu kwa sauti. Mbio zitakuja zenyewe. Nguvu nyingi huvuruga hesabu. Mwaka 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alimvumilia George Foreman mwenye ngumi nzito, akamwangusha raundi ya 8.

Kuhesabu huko kuna faida nyingine. Watoto wa jirani wakisikia "moja, mbili, tatu", wanajua ni mchezo. Wengine huja kuhesabu pamoja naye.