Projekta ya Mjomba

Mjomba aliponituma Kampala nimchagulie projekta, alinipa shilingi 650,000 na sharti moja: ionyeshe picha safi kama ya ukumbi wa sinema. Tayari alikuwa amepaka rangi nyeupe ukuta mzima wa sebule yake, kule Jinja. Dukani niliona boksi limeandikwa 1080p, nikaonyeshwa picha ndogo ya samaki wa rangirangi, nikalipa.

Jumamosi usiku watoto wa majirani walijaa mkekani kutazama mpira. Tuliisogeza mashine nyuma hadi picha ikaenea ukuta mzima. Watoto walishangilia. Mjomba, mwalimu mstaafu, alikodoa macho kwenye pembe ya juu, akauliza, "Mpwa wangu, pale wameandika ngapi kwa ngapi?" Sikuweza kusoma. Katikati kulionekana vizuri, pembeni kote ukungu. Nikizungusha lenzi pembe zisomeke, katikati panaharibika.

Kesho yake niliipima, jambo ambalo ningelifanya dukani. Kwenye kompyuta nilichora mistari myembamba, mweusi mmoja, mweupe mmoja, kila mmoja upana wa pikseli moja. Ukutani ikatokea rangi ya kijivu tu. Hapo ndipo nilipofungua kijitabu cha maelezo: mashine inapokea picha ya 1080p, yaani pikseli 1920 kwa 1080, lakini zake yenyewe ni 1280 kwa 720. Zile ni 2,073,600. Hizi ni 921,600, hazifiki hata nusu. Inaipunguza picha kwanza, ndipo inaimulika. Boksi halikusema uongo hasa. Mimi sikuuliza.

Muuzaji alikataa kuipokea kwa kuwa boksi lilishafunguliwa. Nilimweleza Mjomba yote, hata kwamba sikuomba taa za duka zizimwe. Alinyamaza muda mrefu. Zile zilikuwa fedha za kiinua mgongo chake.

Jioni tuliisogeza karibu. Upana wa picha ukipungua kwa nusu, mwanga uleule unatua kwenye eneo la robo tu, kwa hiyo rangi zilikolea. Tukaziba dirisha kwa blanketi. Pembe bado zina ukungu, na usiku wa kwenye filamu bado ni kijivu kama moshi, lakini matokeo ya mpira yanasomeka ukikaa mbele.

Mjomba alipima picha kwa futi, akaizungushia mstari wa penseli, kisha akanikabidhi brashi na kopo la rangi nyeusi. Nje ya mstari kote nilipaka mimi.