Filta za Njia ya Kondoa

Nilianza kushika spana Dodoma wakati barabara ya kwenda Kondoa bado ilikuwa ya vumbi. Pikipiki tulizotengeneza nyingi zilikuwa za mabwana shamba na za wafanyabiashara wa mifugo. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni ya pikipiki za abiria, bodaboda zikajaa mjini, na kazi yetu ikabadilika: pikipiki iliyokuwa ikilala uani siku nzima sasa ilishinda barabarani toka alfajiri.

Mzee aliyenifundisha kazi alianza na filta ya hewa kabla hajaniruhusu kufungua injini. Aliniambia, “Mwanangu, injini hufia puani.” Alinizoesha kuchomoa mpira unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye kabureta, kisha nipitishe kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, filta haifai, hata kama ni mpya. Mpaka leo hicho ndicho kipimo changu. Dukani siangalii boksi limeandikwa nini, maana maandishi kila mtu anachapisha. Naangalia ukingo: mpira wake ni laini? Unakaa sawasawa pande zote? Karatasi ya ndani ikiwa nzuri halafu ukingo umeacha upenyo, vumbi litapita hapo hapo.

Filta ya sponji haipulizwi kwa kompresa. Naiosha kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, naikamua kwa kuibana bila kuisokota, naianika kivulini, kisha naipaka oili kidogo na kuibana tena, maana oili hiyo ndiyo inayonasa vumbi. Ya karatasi haioshwi kabisa. Hupulizwa taratibu kutoka ndani kwenda nje, na ikishakuwa nyeusi hutupwa.

Kwa filta ya oili, swali la kwanza ni pikipiki ipi. Boxer 150 ina filta ndogo ya karatasi ya kubadilisha. Lakini Honda CG125, na zile za Kichina zilizoiga injini yake, hazina karatasi: zina wavu na kikombe kinachozunguka na krenki, uchafu ukagandamana pembeni. Huko hununui filta. Unafungua kifuniko cha upande wa klachi, unasafisha, unaweka gasketi mpya. Nimeona vijana wakiuziwa kitu ambacho pikipiki yao haina mahali pa kukiweka, na inaniuma. Oili yenyewe natafuta iliyoandikwa JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea ndani yake. Ile ya gari inaweza kuifanya iteleze.

“Fundi, itoe tu hiyo filta, inaikaba pikipiki.” Maneno hayo nimeyasikia kwa madereva wengi wa mkataba, wale wanaoendesha pikipiki ya bosi. Ni kweli, filta ya hewa iliyoziba huikaba: plagi inakuwa nyeusi na petroli inaisha haraka. Dawa yake ni filta safi. Ukiitoa, mchanga laini unaingia kwenye silinda, unakwangua ringi na ukuta, pikipiki inaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili, na unaishia kuchonga bloku na kununua pistoni wakati bosi bado anadai hesabu yake.

Kijana, ukiwa na pesa ya filta moja tu, nunua ya hewa. Oili unaweza kuimwaga mapema kidogo. Silinda iliyokwanguliwa hairudi kwa kubadilisha oili.