Vidole Havina Kosa

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako alinipa simu nisikilize ujumbe wako. Nimeelewa kwamba walimu chuoni wanakusifu kwa wepesi wa vidole kwenye besi, ila ukikaa na ile bendi ya soul, wenzio wanalalamika kwamba unapiga kila kitu na hakuna anayeinuka kucheza. Ndipo ukauliza kama masomo yamekuharibu, na kama uyaache.

Usiyaache. Anayekuambia soul ni muziki wa watu wasiosoma muziki hajui ni nani waliopiga hizo sahani anazozipenda. Wale Funk Brothers waliopiga nyuma ya waimbaji wa kampuni ya Motown kule Detroit walikuwa wapiga jazi. Mchana walirekodi katika studio ndogo ya West Grand Boulevard, usiku wakaenda vilabuni kupiga jazi yao. James Jamerson alianza kujifunza besi kubwa ya kusimama akiwa shule ya sekondari, na alipohamia ya umeme aliendelea kuvuta nyuzi kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Kidole kimoja! Sikiliza anavyotembea kwenye What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971. Nota ni nyingi, nyingine zinatoka mahali usipotarajia, na bado mwili unafuata. Huyo utamwambia hakuwa na ufundi?

Au mtazame Booker T. Jones wa Memphis. Alikuwa na miaka 17 yeye na bendi yake waliporekodi Green Onions mwaka 1962. Jina likavuma, naye akaenda zake Chuo Kikuu cha Indiana kusomea muziki, akawa anarudi Memphis mwisho wa wiki kurekodi katika studio ya Stax. Alihitimu, na sijasikia mtu akisema shahada ilimpunguzia utamu.

Kwa hiyo vidole vyako havina kosa. Nadhani tatizo ni kwamba unampigia mwalimu, na mwalimu amekaa kitini.

Kuna kisa kimoja cha Stax ambacho kila mpiga besi angepaswa kukijua. Mwaka 1965 mwimbaji Wilson Pickett alikuwa pale akirekodi In the Midnight Hour. Wimbo ulikuwapo, wapigaji ni hodari wa pale: Steve Cropper kwenye gitaa, Donald "Duck" Dunn kwenye besi, Al Jackson kwenye dramu. Hata hivyo kuna kitu hakikukaa sawa. Prodyuza Jerry Wexler akatoka chumba cha mitambo, akaingia katikati yao, akaanza kucheza. Hakuandika nota wala hakutoa hotuba. Aliwaonyesha kwa mwili jinsi vijana wa wakati ule walivyokuwa wakicheza, uzito ukiangukia pigo la pili. Cropper na Jackson wakamtazama, wakaanza kulichelewesha kidogo pigo la pili na la nne, wote wawili kwa pamoja. Kucheleweshwa kwenyewe ni kudogo mno, ukihesabu kwa mguu hukuoni. Lakini wimbo mzima umekalia hapo.

Zingatia neno hilo "kwa pamoja". Ukichelewa peke yako umekosea. Mkichelewa wote mahali pale pale, kila mzunguko, watu wanaacha vinywaji mezani. Hapo ufundi unahitajika kuliko kwenye mbio zako, kwa sababu kuchelewa kwa kipimo kile kile kwa dakika tatu ni kazi ngumu. Al Jackson aliiweza. Alikulia kwenye bendi ya baba yake, bendi ya dansi, akiwa mtoto nyuma ya dramu huku watu wazima wanacheza mbele yake. Na si suala la rangi peke yake: Cropper na Dunn walikuwa Wazungu. Muziki wenyewe umezaliwa na Wamarekani Weusi, kanisani mwao na katika shida zao, na hilo usilisahau hata siku moja. Ila mlango ulikuwa wazi kwa aliyekubali kukaa, kusikiliza na kunyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakokushinda. Nimeziona klipu zako. Panapobaki nafasi, unaijaza, kama msemaji anayeogopa baraza likinyamaza. Nafasi hiyo ni ya mchezaji, anaihitaji ili ageuze kiuno.

Sisi tulilijua hili mapema. Mwaka 1969 soul ilipopigwa marufuku Dar es Salaam, malalamiko ya wakubwa yalikuwa juu ya vijana na uchezaji wao. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kupiga solo ndefu.

Usidhani pia kwamba hayo ni ya wazee tu. Mwimbaji D'Angelo alipotengeneza albamu ya Voodoo, iliyotoka mwaka 2000, dramu alimpa Questlove, kijana aliyesifika kwa kupiga sawasawa kama saa, na besi akampa Pino Palladino wa kutoka Wales. Mafundi watupu. Walikaa studio muda mrefu, wakipiga nyimbo za wakongwe na kutazama kanda za maonyesho yao, hadi Questlove akakubali kuulegeza mkono wake, na besi ikaburuta nyuma ya dramu. Usahihi hawakuutupa, waliuhamishia mahali pengine.

Kwa hiyo endelea na skeli zako asubuhi. Jioni tafuta mpiga dramu mmoja, si kila wiki mwingine, mkae naye mwaka mzima. Pigeni harusini, kanisani, popote penye sakafu na watu wasiojua jina la akodi hata moja. Miguu yao ikisimama, punguza nota. Ikiendelea, usiongeze kitu.

Klipu za solo usinitumie tena. Nirekodie dakika tano ukiwa na mpiga dramu wako, mzunguko mmoja mwanzo hadi mwisho, unitumie kabla ya likizo.

Wasalaam,
Mjomba wako