Toba Iliyotaja Dhambi kwa Jina

Unyenyekevu wa Kikristo, kwa maana uliyopewa na uamsho wa Afrika Mashariki, ulikuwa utayari wa mtu kusimama mbele ya wenzake na kuitaja dhambi yake kwa jina, akiamini kwamba msamaha wa Mungu humfikia aliyekwisha kuacha kujitetea. Uamsho huo, ambao chimbuko lake huelezwa kuanzia Septemba 1929, wakati Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Mwingereza Joe Church walipokutana katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, uliwaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, kisha ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa walokole, jina litokanalo na neno la Kiganda lenye maana ya kuokoka, ambalo mwanzoni lilitumiwa kuwadhihaki.

Toba ni neno la asili ya Kiarabu ambalo mzizi wake una maana ya kurudi, na walokole waliishika maana hiyo hasa, kwa kuwa kwao aliyetubu alipaswa kurudi kwa Mungu na pia kurudi mlangoni kwa jirani aliyemkosea. Kuungama kulikuwa kuisema dhambi kwa kinywa, na kutembea nuruni, msemo walioutoa katika waraka wa kwanza wa Yohana, kulikuwa kuishi na ndugu bila kufichana.

Mtu aliyelelewa katika nyumba ya walokole wa Kagera, nchini Tanzania, hukumbuka ushirika wa jioni, taa ya chemli juu ya meza, na mzee akisimama huku amevua kofia, akaeleza kwamba alitia mawe katika gunia la kahawa ya maganda kabla ya kulipeleka kwenye mizani ya chama cha msingi cha wakulima. Hakusema kwamba binadamu wote ni dhaifu, wala hakumtaja shetani; alitaja gunia, akataja mawe, na kesho yake akaenda kwa karani na fedha alizozifunga katika kitambaa. Mtoto aliyemwona baba wa watu akitetemeka namna ile alifundishwa unyenyekevu kwa namna ambayo mafundisho ya kipaimara hayakuweza kuifikia.

Desturi hiyo haikukosa madhara, na ni haki yasemwe, kwani wapo walioungama hadharani mambo yaliyovunja heshima ya watu wengine, na wapo walioanza kuona fahari katika wingi wa machozi yao. Wazee wenye busara walisisitiza kwamba ungamo lisizidi mipaka ya kosa, yaani la siri liungamwe kwa aliyekosewa, na la hadharani liungamwe hadharani.

Kina cha mafundisho hayo kilionekana mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa nchini Uganda chini ya utawala wa Idi Amin, wakati Festo Kivengere, mlokole na Askofu wa Kigezi aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, alipokimbilia uhamishoni. Aliyekosewa alikuwa yeye na kanisa lake, lakini alitambua kwamba uchungu uliokuwa ukiota moyoni mwake dhidi ya Idi Amin ulikuwa dhambi yake mwenyewe, akaomba Mungu amsamehe uchungu huo, na baadaye akaandika kitabu kilichotangaza kwamba anampenda Amin. Hapo toba ilivuka hesabu ya nani alianza.

Tangu wakati huo ushuhuda, yaani mtu kusimama na kueleza Mungu alivyomtendea, umebadilika taratibu. Mahali pengi neno hilo, ambalo kwa walokole lilibeba dhambi na neema kwa pamoja, sasa huwa taarifa ya baraka zilizopokelewa, kama kazi, nyumba au gari, na anayeshuhudia hushika kipaza sauti akiwa mshindi. Hakuna ubaya katika kumshukuru Mungu. Kinachohuzunisha ni kwamba gunia lenye mawe limekosa mahali pa kutajwa. Ungamo limebaki katika liturujia ya Jumapili, likisomwa na wote kwa maneno yanayomfaa kila mtu, kisha hufuata kimya kifupi ambacho kwaya hukikatiza. Katika baadhi ya makanisa ya Kagera wapo bibi wachache, watoto wa uamsho ule, ambao kwaya huanza kuimba wao wakiwa bado wameinama.