Msitu Unakujua, Ofisi Haikujui

Nilipoingia shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, mwaka 1978, nilikuwa kijana wa miaka 19 mwenye elimu ya darasa la saba. Mvua zikianza tulitoa miche kitaluni, tukachana viriba na kupanda kwa nafasi ya mita mbili na nusu, miche 1,600 kwa hekta. Miti ikikua tulipogolea matawi ya chini ili mbao zisiwe na vifundo, kisha tukapunguza ile dhaifu ili mingine inenepe. Kiangazi tulisafisha njia za kuzuia moto, maana moto wa siku moja ungeteketeza kazi ya miaka kumi.

Nilijifunza upesi. Kufikia mwaka 1985 mabwana miti wapya waliotoka chuoni walikuwa wakiniuliza mti upi ukatwe na upi ubaki. Nikajivuna. Mnyapara wetu, mzee asiyependa maneno mengi, akaniambia: “Kijana, soma jioni, ufanye mtihani wa kidato cha nne, uende Olmotonyi. Msitu unakujua, lakini ofisi haikujui.” Nikacheka. Chuo cha Olmotonyi, kule Arusha, kimefundisha watu wa misitu tangu mwaka 1937, lakini mimi niliona chuo changu ni msitu wenyewe.

Msindano wa mbao huachwa ukue kwa miaka kama 25. Mwaka 2004 tulivuna eneo nililopanda mwenyewe Januari 1979. Nilikaa juu ya kisiki, nikahesabu. Mche uliokuwa chini ya goti ulikuwa umekuwa gogo la kubebwa na lori, nami nilikuwa bado kibarua wa kulipwa kwa siku. Wale mabwana miti walikwishapanda vyeo. Hakuna aliyenidhulumu. Ngazi nilionyeshwa, nikaikataa.

Mwaka ule ule binti yangu alimaliza kidato cha nne, akasema anataka Olmotonyi. Neno la “msitu hauna fadhila” lilikuwa tayari ulimini mwangu. Nikalimeza. Niliuza misindano niliyokuwa nimepanda nyuma ya nyumba, nikamlipia.

Alipata cheti, lakini ajira haikuja mara moja. Miaka miwili alikaa nyumbani akiwatunzia wanakijiji vitalu vyao, maana watu wengi huku wanapanda miti yao wenyewe. Ndipo akaajiriwa.

Kijana akiniuliza kama kazi ya misitu ina mbele, namjibu kuwa inayo, ila mbele yake ni ya polepole kama mti. Jifunze kwa mikono, kisha utafute cheti kabla familia haijakufunga. Na siku za kusubiri usizikae bure.

Binti yangu akija likizo huniuliza bado mti upi ubaki. Namwonyesha. Yeye huandika katika daftari, akatia saini yake.