Na Kipimo cha Hewa hadi Mbagala

Konda wa daladala ya Makumbusho–Mbagala Rangi Tatu alitaka boksi letu lilipe nauli. "Huyu abiria wa tatu," alisema, akaligonga kwa sarafu. Mwenzangu, kijana fundi wa elektroniki, alilipakata na kumweleza kwamba ni kipimo cha hewa. Mama mwenye ndoo ya dagaa akauliza kama kinapima na harufu. Watu wakacheka, tukalipa nusu.

Mimi ni mtu wa Kinondoni. Mbagala niliijua kwa habari za mabomu yaliyolipuka mwaka 2009 tu, sikuwahi kufika.

Mvua ikatukuta njiani, vioo vikafungwa. Kwenye kioo kidogo cha kile kipimo namba zikaanza kupanda: 900, 1,500, hadi zikapita 2,400. Yaani katika kila chembe milioni za hewa mle ndani, 2,400 zilikuwa kaboni dayoksaidi. "Pumzi zetu hizo," fundi alisema. Hewa tunayoitoa kifuani ina takriban 40,000. Konda aliyekuwa akichungulia begani kwake hakutaka somo zaidi. Alifungua dirisha mwenyewe, mvua ikamlowesha mama wa dagaa, na hapo ndipo sayansi ilipotukanwa.

Tuliposhuka Rangi Tatu mvua ilikuwa imekatika. Namba zilishuka, lakini hazikutulia: 421, 458, 433. Nilidhani ni moshi wa mkaa kutoka kwa wachoma mahindi. Fundi akatikisa kichwa. Kipimo hicho ni cha bei nafuu, kinatumia mwanga wa kawaida wa infraredi, na kinaweza kukosea kwa 50 kwenda juu au chini. Tena vingi vya aina hiyo vinajirekebisha kwa kudhani kwamba namba ya chini kabisa iliyoonekana ndani ya wiki ni 400, kumbe hewa ya dunia ilishapita hapo. Charles David Keeling alipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Leo imevuka 420. Kifaa chenye kosa la 50 kitakuonya kwamba darasa limejaa pumzi, ila hakiwezi kukwambia mtaa unatoa nini.

Kwa hiyo yeye anahangaika na leza. Leza hutoa rangi moja tu ya mwanga, nayo huchaguliwa ile ambayo kaboni dayoksaidi huimeza na mvuke wa maji hauigusi sana. Mwanga ukirudi umepungua, upungufu huo ndio kipimo. Shida ni bei. Leza za mikromita 2 hupima vizuri lakini ni ghali. Za jamii ya zile za mkongo wa intaneti, karibu na mikromita 1.57, ni rahisi, ila hapo gesi humeza mwanga kidogo mno. Inabidi mwanga urushwe huku na huku kati ya vioo viwili mpaka usafiri mita nyingi ndani ya bomba fupi. Halafu njoo na joto la Dar: leza ikipata moto, rangi yake inahama. Vumbi nalo linakaa kwenye vioo.

Nikamuuliza kwa nini asisubiri namba za Mlima Kenya, ambako kuna kituo cha kimataifa tangu mwaka 1999. "Kile kimewekwa mita 3,678 juu ili kikwepe moshi wa watu," alijibu. "Mimi nautaka huohuo."

Nyumba tuliyoiendea ilikuwa ndani kabisa, nyuma ya Zakhem. "Shikamoo mama," fundi alisema. "Marahaba wanangu, karibuni." Fundi alieleza kwamba boksi litakaa juu ya paa, kwamba la leza litafuata vioo vikikamilika, na kwamba usiku upepo ukitulia gesi hujikusanya chini, na mchana upepo wa baharini huitawanya. Mama mwenye nyumba alisikiliza yote kwa adabu, akautazama waya uliokuwa ukining'inia kwenye boksi.

"Na umeme wa Luku mtanunua nyie?"

Fundi akanitazama mimi.