Punje Nne za Mchele

Kanisani nilipewa dakika tano. Nilisimama, nikasema Bwana asifiwe, nikaeleza kuwa goita ilikaa shingoni mwangu miaka 14 na sasa haipo, nikashusha skafu watu wauone mshono. Wakapiga vigelegele, nikakaa. Sikudanganya hata neno moja. Ila niliruka yaliyonikuta ndani ya basi la Koasta, na tangu Jumapili ile moyo unanisuta, maana dada mmoja wa kwaya, mwenye uvimbe kama ule wangu, alinifuata nje akaniambia, "Kumbe ni jambo dogo tu."

Si jambo dogo. Dada yangu, nisikilize sasa.

Mimi nauza mitumba Mwanjelwa, Mbeya. Kwetu ni Rungwe. Sisi tuliozaliwa nyanda za juu kusini tulikua tukiwaona bibi zetu na shingo nene, tukadhani ndivyo shingo za bibi zilivyo. Mvua hiyohiyo inayotupa ndizi na majani ya chai huosha madini joto kwenye udongo, na ile chumvi ya kupimiwa kwa kopo gulioni haikuwa nayo. Tezi ya shingo ikikosa madini joto hujitutumua, inavimba ili itoshe kazi. Ndiyo goita, au rovu kama walivyotufundisha shuleni. Miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, na katikati ya miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuyatia kwenye chumvi. Wanangu wamenufaika, shingo zao nyembamba. Kwangu mimi mafundo yalikuwa yameshajifunga, na mafundo ya namna ile hayafunguliwi na chumvi.

Niliyafunika. Muuza mitumba hakosi skafu. Mtu mmoja alinichanja, akanipaka unga mweusi, nikabaki na alama za chale juu ya uvimbe uleule. Mwaka hata mwaka ukawa unakua kidogokidogo, hata nikauzoea. Kilichonitoa nyumbani si aibu, ni usingizi. Nikilala chali pumzi inakata. Tonge la ugali halishuki bila maji. Usiku mmoja binti yangu aliniamsha akilia: "Mama, unakoroma kama mtu anayekabwa." Na kweli nilikuwa nakabwa, picha ilionyesha koo la hewa limesukumwa pembeni, na kipande cha goita kimeshuka nyuma ya mfupa wa kifua.

Vipimo sitavieleza kimoja kimoja. Damu, ultrasaundi, sindano ya kunyonya chembechembe kuangalia kama kuna saratani (haikuwepo), na kioo kidogo cha kutazama koromeo. Kwa hicho kioo daktari alitaka kujua kama nyuzi za sauti zinacheza zote mbili kabla hajagusa kitu. Akanichorea tezi kwenye karatasi: kipepeo aliyetua mbele ya koo, ambaye kwa mtu mzima ana uzito wa kama gramu 20. Nyuma yake, kila upande, inapita neva ya sauti, nyembamba kama uzi wa kushonea. Ile ya kushoto hushuka hadi kifuani, ikazunguka mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ndipo inapanda tena kwenye sauti. Fundi umeme akikutandazia waya hivyo humlipi. Daktari alisema ikikatika upande mmoja, sauti inakwaruza. Zikikatika zote mbili, hata kupumua ni shida. Mimi riziki yangu ni kupiga kelele "buku, buku, chagua buku," kwa hiyo hofu yangu yote ilihamia kwenye huo uzi. Akataja na mambo ya kalsiamu, neno moja kati ya mengi. Sikulishika.

Niliuza belo mbili chini ya bei, nikaenda.

Upasuaji wenyewe siujui. Nilipigwa nusu kaputi asubuhi, nikaamka shingo imefungwa na mpira wa kutolea damu unaning'inia ubavuni. Nesi akasema, "Mama, taja jina lako." Nikalitaja, likatoka kama la mtu aliyelala kwenye baridi, lakini likatoka. Usiku kucha walikuja kunitazama shingo kama inajaa, maana damu ikivujia ndani inaweza kukaba koo kwa muda mfupi sana. Tezi ilikuwa imetolewa yote, gramu 310. Niliomba kuiona wakakataa.

Siku ya pili niliruhusiwa. Kitanda kilikuwa kinahitajika, mimi nilikuwa nacheka, jeraha safi. Nilipewa karatasi na vidonge vya maumivu. Hakuna aliyenitoa damu siku ile kupima kalsiamu, wala aliyeniambia mikono ikianza kuwasha nirudi. Hospitali siitaji. Waliniokoa pumzi, na kosa hilo nililibeba mwilini mwangu.

Nilipanda Koasta ya Tukuyu nikapumzike kwa dada yangu. Tulipokuwa Uyole midomo ilianza kufa ganzi, kama mtu aliyetafuna pilipili kisha pilipili ikapoa. Nikadhani ni dawa ya usingizi. Mbele kidogo vidole vikaanza kutambaliwa na siafu. Tulipokaribia Kiwira mkono wa kulia ulijikunja wenyewe kwenye kifundo, na vidole vikajikusanya vikachongoka, kama vya mtu anayechota chumvi kwenye bakuli. Nikajaribu kuvifungua kwa mkono wa kushoto. Nao ukajikunja. Sasa nimekaa katikati ya watu, mikono miwili inachota chumvi isiyokuwepo, uso unavutwa upande, na nikitaka kusema taya haikubali.

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu ana mapepo." Ndiyo ilitosha. Mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu, mwingine akaomba ashushwe yeye, kijana mmoja akatoa simu anipige picha. Na mimi, niseme ukweli, niliwaamini. Niliamini kuna mtu amechukizwa na kupona kwangu. Hata jina lake lilinijia, jirani yangu wa kizimba sokoni, masikini, ambaye ndiye aliyenilindia mzigo wiki nzima. Hilo ndilo sikulisema kanisani.

Aliyenisaidia ni konda. Hakuwa na elimu ya dawa, alikuwa na macho tu. Alisogea akaona bandeji chini ya skafu, akauliza, "Maza, umetoka kupasuliwa?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akapiga bodi ya gari mara mbili, "Suka, hospitali, pepo gani la kwenye bandeji!" Abiria walilalamika nauli zao na muda wao. Dereva akakata kona.

Nesi wa zamu aliponiona hakushangaa, na kutoshangaa kwake kulinitibu nusu. Aligonga shavu langu kwa kidole mbele ya sikio, mdomo ukaruka. Akaita daktari. Wakanichoma kalsiamu kwenye mshipa, wakiisukuma polepole, kama dakika kumi, huku mmoja ameshika mapigo ya moyo wangu, maana ikienda kwa haraka moyo unaweza kuchanganyikiwa. Kabla bomba halijaisha kidole gumba kilijitenga na wenzake. Kisha kingine. Nililia kwa sauti. Konda alikuwa bado amesimama mlangoni; nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka na gari lake lililochelewa.

Ndipo nikaelezwa. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu ikishuka, neva na misuli hukosa utulivu, inajikaza yenyewe. Goita kubwa ikitolewa, punje hizi huweza kukosa damu na kuzubaa, wengine wiki chache, wengine miezi, wachache maisha. Mara nyingi hali hiyo hujitokeza siku ya kwanza hadi ya tatu, wakati mtu ameshafungasha.

Mwanangu alinisomea baadaye kuwa hata wakubwa wa kazi hii walipita hapo. Karne ya 19, wagonjwa wa daktari mpasuaji Billroth kule Vienna walikakamaa mikono baada ya kutolewa goita, na mabingwa hawakujua sababu. Mwaka 1880 mwanafunzi wa udaktari wa Sweden, Ivar Sandström, alizieleza zile punje kwa binadamu, na dunia haikumjali. Huko Bern, mpasuaji mwenzake Kocher alipasua kwa mkono safi, vifo vikapungua sana, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Lakini ni yeye aliyetangaza mwaka 1883 kuwa wagonjwa wake aliowatoa tezi yote walikuwa wanavimba uso, wanapoa mwili, wanazubaa akili. Kumbe mwili hauendi bila homoni ya tezi ile.

Mimi nilionja ya Vienna na ya Bern pia. Nilipewa kidonge cha homoni cha kunywa kila siku maisha yote, na vya kalsiamu na vitamini D. Nikavimeza vyote kwa mpigo, na chai ya maziwa. Kalsiamu na maziwa huzuia homoni isiingie mwilini. Baada ya miezi miwili nilikuwa nasinzia juu ya mzigo, ngozi imekauka, baridi ya Mbeya inaniingia hadi kwenye mifupa. Damu ilipopimwa wakanipanga upya: homoni alfajiri kwa maji matupu, chai baada ya saa nzima, kalsiamu saa nne mbele au zaidi. Kwenye mwezi wa tano punje zangu ziliamka, kalsiamu nikaachishwa kwa ushauri wa daktari. Homoni naendelea nayo.

Sauti ilirudi, ila ya juu haifiki palepale. Binti yangu amerekodi "buku, buku" kwenye spika ya mkono, inaita kutwa nzima bila kumeza mate. Wateja wanasema ni afadhali.

Kwa hiyo, dada wa kwaya, nenda. Usingoje ufike gramu 310 na kukabwa usiku kama mimi. Ila kabla hujatoka wodini, muulize daktari kwa mdomo wako: kalsiamu yangu imepimwa leo, ni ngapi, na ikishuka nikiwa njiani nikimbilie wapi? Midomo ikianza ganzi usikemee, nenda hospitali. Na usipande gari peke yako.